Doa

Miezi minane nimekaa na watu hawa
katika chumba kisicho na dirisha, Cardiff,
nikiwapangusa mikwaruzo usoni
kama mama apangusavyo makamasi.
Walinijia wakirukaruka kama bisi kaangoni,
ndivyo zilivyowafanya mashine za zama zile:
hata anayekwenda kufa alionekana ana haraka.

Nikawapunguzia mwendo.
Nikawapa mashavu, nyasi, ngozi ya mikanda.
Nikawapa anga, buluu kiduchu tu, maana ni Wales
na sikutaka kusema uongo mkubwa.
Wanaume arobaini na wawili wa machimbo ya mawe
wakielekea stesheni, Februari, mwaka wa kumi na tano.

Novemba tukaipeleka kwao, Nant Erwain,
ukumbi wa kanisa unaonuka makoti yaliyolowa
na chai iliyochemka ikapitiliza.
Kila kifua na ua lake jekundu la karatasi.
Rangi ilipoingia, watu wakashusha pumzi kwa pamoja,
na nakiri, nilivimba kichwa.
Mmoja akasema, "Kama jana tu!"
Diwani akasimama akatamka "kamwe"
mara tano. Nilihesabu.

Ndipo Eluned Prydderch, miaka themanini na saba,
ambaye surua ilimwibia masikio akiwa na miaka sita,
akanyanyua fimbo.
"Rudisha nyuma. Yule. Wa tatu,
mwenye sharubu za kubahatisha. Anasema kitu."

Nilijua anasema kitu. Tulimlipa mtaalamu wa London,
akatazama siku mbili, akaandika: Haisomeki.
Hakujua kuwa mdomo ule haukuwa wa Kiingereza.

Nikarudisha. Ithel Gethin,
jina la nane kutoka juu kwenye jiwe pale nje,
akageuza shingo, akafumbua midomo niliyoipaka mimi.
Eluned akamfuatisha kwa midomo yake, taratibu,
kama mtu anayeonja uji kama umepoa.
"Funga kuku," akasema. "Mbweha."

Basi.
Si mfalme, si Mungu, si kwaheri mama.
Ukumbi ukacheka, kisha kicheko kikakosa pa kwenda.

"Anamwambia nani?" akauliza Eluned.
Nikamwambia hakuna mtu, pale ni ukingo wa picha, ni ukuta.
Akanitazama kama viziwi watazamavyo, uso mzima.
"Mtu hauambii ukuta habari za kuku."

Usiku ule niliendesha saa nne mvuani,
waipa zikisema kuku, kuku, kuku.
Sikuvua koti. Nikafungua filamu ya awali,
ile chafu, kabla ya mikono yangu.
Kulia, chini, ukingoni kabisa, fremu kumi na moja:
doa.
Nalikumbuka. Nililifuta Jumanne moja nikiwa na njaa,
nikaandika daftarini: Ukungu. Limeondolewa.

Nikalikuza.
Lina vidole vinne.
Liko kwenye kimo cha mtoto, limeinuliwa juu,
kama anayejibu: nimesikia, nimesikia, nenda.

Sijui kama kuku walifungwa.
Sijui kama ni mdogo wake, au binti wa jirani,
au kitoto tu kilichopenda magwaride.
Kila mwaka tunampa Ithel dakika mbili za kimya
na shada lenye utepe.
Yeye aliomba mtu atoke nje gizani,
kwenye baridi ile,
apapase komeo.

Doa nimelirudisha. Sikulipaka rangi;
sijui mkono ule ulikuwa wa rangi gani kwa baridi.
Jana mkurugenzi ameniandikia:
Kuna uchafu pale kona ya kulia, tafadhali shughulikia.

Sijamjibu.